Kabla ya kununua nguzo ya bia, jua pipa lako linatoka wapi

Kila mwezi wa Juni, waziri wa fedha wa Kenya anaposimama bungeni kusoma bajeti, wapo watu wawili wanaosikiliza redio kwa makini ingawa hawajawahi kukutana. Wa kwanza ni mkulima wa mtama kule Kitui, Tharaka Nithi au Siaya. Wa pili ni mwenye baa ya kegi katika soko dogo, mwenye mabenchi ya mbao, pipa moja lililofunguliwa na jingine linalongoja. Wote wawili wanasubiri jambo lile lile: je, ushuru wa bia ya pipa umeguswa?

Lakini tukizungumza na watu wanaotaka kuingia kwenye biashara hii, swali lao la kwanza huwa halihusu bajeti. Huwa linahusu kaunta. Mtu amepata chumba sokoni, amepiga rangi, amenunua viti, sasa anauliza: ninunue nguzo gani ya bia?

Nguzo tunayosema hapa ni kile chombo cha chuma kinachosimama juu ya kaunta, chenye mfereji mmoja au zaidi, ambamo bia hupanda kutoka kwenye pipa lililo chini na kumiminwa kwenye magi. Zipo fupi zenye mfereji mmoja. Zipo pana zenye mifereji mitatu au minne. Zipo za chuma kisichoshika kutu, za rangi ya shaba, za kauri, nyingine zina taa na nembo inayong'aa. Picha zake zimejaa kwenye simu, na ni rahisi mtu kupenda kwa macho.

Jibu letu ni kwamba nguzo huchaguliwa mwisho. Kwanza jua mnywaji wako ni nani. Mnywaji ndiye anayeamua bei, bei inaamua pipa utakaloweka, na pipa ndilo linaloamua nguzo. Na kwa baa nyingi za vijijini Kenya, bei ya pipa hilo haiamuliwi sokoni peke yake. Inaamuliwa pia Nairobi, kwa mstari mmoja wa sheria ya kodi. Anayesahau hilo anaweza kujikuta na nguzo ya kupendeza na kaunta isiyo na wateja.

Pipa lilifikaje kijijini

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2004, kampuni ya East African Breweries ilileta sokoni bia ya Senator Keg. Lengo lilielezwa wazi: kumpa mtu wa kipato cha chini kinywaji kilichopimwa na kukaguliwa kiwandani, ili aache chang'aa na pombe nyingine za kificho. Ili bei ishuke, serikali ilikubali kupunguza ushuru wa bidhaa unaotozwa bia, na baadaye ikauondoa kabisa kwa bia ya aina hiyo.

Msamaha huo ulikuwa na masharti. Bia ilitakiwa itengenezwe kwa mazao yanayolimwa nchini kama mtama, wimbi au muhogo, wala si shayiri. Tena iuzwe katika pipa kubwa lenye mgandamizo, siyo katika chupa. Hapo ndipo mfereji wa bia ulipotoka kwenye hoteli za mjini na kuingia katika vyumba vya mabati vijijini. Haukuletwa na fasheni. Uliletwa na sheria ya kodi, kwa sababu pipa halinyweki bila kitu cha kulitoa bia.

Sharti la mazao nalo lilibadilisha mashamba. Mtama wa aina ya Gadam, unaokomaa mapema na kuvumilia ukame, ulisambazwa katika maeneo makavu ya mashariki mwa Kenya. Zao lililokuwa la uji na la kuku likawa zao la mkataba. Mwaka 2019, kiwanda cha bia cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mingi, kilifunguliwa tena kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 15, kikilenga hasa bia ya kegi. Wakulima wa mtama wa magharibi na Nyanza nao wakaingia kwenye mnyororo huo.

Kwa hiyo mfereji mmoja kwenye kaunta ya soko dogo umeunganishwa na mama anayefukuza ndege shambani, na dereva wa lori la mapipa, na ofisa wa ushuru, na mnywaji mwenye noti moja mfukoni. Ukikatika mahali pamoja, wote wanaona.

Fundisho la mwaka 2013

Ulikatika kweli. Mwaka 2013 serikali ilirudisha nusu ya ushuru kwa bia ya kegi. Bei ya magi ikapanda, na mnywaji ambaye hesabu yake ni ya sarafu hakuweza kuifuata. Mauzo yakaporomoka kwa zaidi ya nusu. Baa zikafungwa. Wakulima waliokuwa wamepanda mtama kwa kutegemea mkataba wakabaki na magunia nyumbani, kwa sababu kiwanda hakikuhitaji tena mtama wote ule.

Mnywaji naye hakuacha kunywa. Alikwenda kwingine. Mwezi Mei mwaka 2014, zaidi ya watu 80 walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kiambu na Makueni, baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha macho na kuua. Hatusemi kwamba vifo hivyo vyote vililetwa na bei ya kegi. Pombe ya sumu ilikuwa imeua Wakenya hata kabla ya kegi kuwapo, na imeua tena baadaye, kama ilivyotokea Kirinyaga mwezi Februari mwaka 2024. Lakini mpangilio wa matukio ya 2013 na 2014 uliwapa watunga sera somo ambalo bado linatajwa kila bajeti inapokaribia: ukipandisha bei ya kinywaji halali cha chini kabisa, huna hakika mnywaji atahamia kwenye maji.

Mwaka 2015 msamaha uliongezwa tena kwa kiasi kikubwa, na katika kanuni zilizofuata ukawekwa kwenye asilimia 80 ya ushuru. Mwishoni mwa mwaka 2024, sheria ya kodi ilibadilisha namna ya kutoza vinywaji vyote vya pombe, kutoka kuhesabu lita hadi kuhesabu kiasi cha pombe halisi kilichomo. Kanuni hizi hubadilika, na zinaweza kubadilika tena.

Wapo wanaopinga msamaha huu. Wanauliza kwa nini pombe ipewe nafuu ya kodi. Wanataja familia zilizovunjika na vijana wanaoshinda kwenye kegi kuanzia asubuhi. Hoja hiyo ni nzito, na haijibiwi kwa kusema tu kwamba chang'aa ni mbaya zaidi. Bia ya kegi nayo ni pombe, na hulevya. Mwenye baa ajue kwamba anafanya biashara ambayo jirani zake wamegawanyika juu yake, na kwamba mjadala huo unaweza kufika bungeni wakati wowote.

Ndiyo maana tunasema: usiweke kwenye kaunta kitu ambacho huwezi kukilipa ikiwa mauzo yatashuka kwa nusu.

Baa yako ni ya aina gani?

Sasa twende kwenye kaunta. Kwa mtazamo wetu, baa za vijijini zinazouza bia ya pipa ziko za aina tatu, na kila moja ina nguzo yake.

Ya kwanza ni baa ya kegi yenyewe. Wateja ni watu wa kibarua, boda boda, wachimba mchanga. Wanakunywa kwa magi au jagi, bei ndiyo kila kitu, na pipa likifunguliwa huisha siku ile ile. Hapa nguzo ya kifahari ni hasara, tena inaweza kumfukuza mteja anayeingia na kudhani bei imepanda. Kinachotakiwa ni mfereji mmoja imara unaofungwa kwenye pipa lenyewe au kwenye ubao karibu nalo, usiovuja, na unaofunguka kwa urahisi ili uoshwe.

Ya pili ni baa ya soko yenye nyama choma na televisheni ya mpira. Mteja anakaa saa mbili au tatu, anataka bia yenye ubaridi, na anaangalia magi yake inavyojazwa. Hapa nguzo fupi yenye mfereji mmoja au miwili inafaa. Iwe na kava la ndani la kuzuia joto, kwa sababu sehemu inayochomoza juu ya kaunta hupata joto la chumba na jiko, na bia iliyosimama humo huwa ya kwanza kutoka ikiwa povu tupu.

Ya tatu ni hoteli au lojingi ya kando ya barabara kuu. Inapokea wasafiri, semina na harusi, na inauza bia zaidi ya aina moja kwenye mapipa. Hapo nguzo ya mifereji mitatu ina sababu ya kuwepo, na umbo lake ni sehemu ya sura ya nyumba. Kaunta ya mbao nzito hupendeza kwa nguzo ya rangi ya shaba, na kaunta nyeupe ya vigae hupendeza kwa chuma kinachong'aa. Lakini hoteli hiyo pia ina umeme wa kuaminika, chumba cha baridi na mfanyakazi aliyefundishwa. Ukiondoa vitu hivyo vitatu, nguzo ile ile inakuwa pambo.

Wengi hununua mifereji mingi wakidhani itaharakisha huduma. Tupige hesabu. Pipa la lita 50 lina magi 100 za nusu lita. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile wengi wanayoiita sheria ya Mututho, iliweka saa za baa kuwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Hizo ni saa sita. Magi 100 kwa saa sita ni magi 17 hivi kwa saa, yaani moja kila dakika tatu na nusu. Mfereji uliorekebishwa vizuri hujaza nusu lita kwa sekunde kumi hivi. Pipa zima, ukijumlisha muda wa kumimina tu, ni dakika 17.

Kwa hiyo mfereji mmoja unatosha baa inayomaliza pipa moja kwa usiku, hata mapipa mawili au matatu. Mfereji wa pili una maana ukiuza bia ya aina ya pili. Kama unauza aina moja tu, mfereji wa ziada ni mrija wa ziada wa kuosha na mahali pa ziada pa kuvuja.

Pampu ya mkono au gesi?

Nguzo haisukumi bia. Bia husukumwa na hewa au gesi, na uamuzi huu ni mkubwa kuliko wa umbo la nguzo.

Pampu ya mkono huingiza hewa ya kawaida ndani ya pipa. Ni rahisi, haihitaji umeme wala mtungi. Kasoro yake ni kwamba hewa hiyo ina oksijeni na vijidudu, na bia ikishakutana navyo huanza kuharibika. Pipa lililofunguliwa kwa pampu linatakiwa liishe siku hiyo. Likilala hadi jioni ya kesho, litakuwa limepooza na ladha yake imegeuka, na wateja watasema umeongeza maji.

Gesi ya kaboni dioksidi, ile ile iliyomo ndani ya soda, husukuma bia bila kuiharibu. Pipa lililo kwenye gesi, likiwekwa mahali pa baridi, hukaa kwa wiki kadhaa. Gharama yake ni mtungi, kidhibiti cha mgandamizo, na safari ya kujaza mtungi mjini.

Kanuni ni hii: kama pipa lako huisha usiku mmoja bila kukosa, pampu inatosha. Kama huchukua siku mbili au zaidi, gesi itajilipa kwa bia ambayo hutaimwaga.

Lakini gesi hii ina hatari yake. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu ya kukuonya. Ikivuja katika stoo ndogo isiyo na dirisha hukusanyika chini na inaweza kumzimisha mtu aliyeingia kuchukua pipa. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo ukutani, na chumba kiwe na matundu ya hewa karibu na sakafu. Nunua gesi ya vinywaji kwa muuzaji anayejulikana, na usilifunge pipa kwenye mtungi bila kidhibiti. Pipa ni chuma, lakini likizidiwa na mgandamizo linaweza kupasuka.

Pia uliza mapema kuhusu kichwa cha kufungia pipa, yaani kile kifaa kinachobanwa juu ya pipa ili bia itoke na gesi iingie. Vichwa hivi ni vya aina mbalimbali, na viwanda havitumii aina moja. Ukiagiza nguzo kutoka mbali pamoja na kichwa chake, inawezekana kisiingie kwenye pipa lolote linalouzwa wilayani mwako. Mwendee msambazaji kwanza, aangalie pipa na wewe, ndipo ununue.

Hesabu ya povu

Tuangalie pesa inayopotea bila mtu kuiba. Tuseme, kwa mfano tu, unauza magi ya nusu lita kwa shilingi 80. Povu na mabaki yakila asilimia 10 ya pipa, umepoteza magi 10, yaani shilingi 800. Ukiuza mapipa matatu kwa wiki, ni shilingi 2,400. Kwa wiki nne, ni shilingi 9,600. Hiyo ni pesa inayotosha kulipa mtu au sehemu ya kodi ya chumba, na imemwagwa kwenye ndoo chini ya mfereji.

Povu jingi lina sababu tatu za kawaida.

Sababu ya kwanza ni joto. Bia ikiwa moto, gesi iliyomo ndani yake hutaka kutoka. Ikifika kwenye mfereji hutoka kwa kishindo na kuwa povu. Baa zenye mashine ya kupoza huweka bia kwenye nyuzi tatu au nne za sentigredi. Asiye na mashine anaweza kuweka pipa kivulini, kulifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na kupitisha mrija ndani ya sanduku la barafu ukiwa umezungushwa mara nyingi. Sanduku la aina hiyo likitunzwa hufanya kazi nzuri kuliko nguzo ghali isiyo na ubaridi.

Sababu ya pili ni safari. Pipa lililojaa lina uzito wa zaidi ya kilo 60, na mara nyingi hufika sokoni likirukaruka kwenye barabara ya vumbi. Usilifungue hapo hapo. Liache litulie, ikiwezekana hadi siku ya pili.

Sababu ya tatu ni urefu wa mrija. Wapo wanaopenda kuficha pipa kwenye chumba cha nyuma na kuvuta mrija mrefu hadi kwenye nguzo ya mbele ili kaunta ionekane safi. Mrija wenye upana wa ndani wa milimita 10 hubeba karibu mililita 80 za bia kwa kila mita. Ukiuvuta mita 10, kuna takriban mililita 800 zinazolala ndani yake usiku kucha zikipata joto, na asubuhi inayofuata hizo ni karibu magi nzima na nusu ya kumwaga. Kwa baa isiyo na mashine ya kupoza mrija, pipa likae chini ya nguzo moja kwa moja.

Usafi ndio unaorudisha mteja

Nguzo ya kupendeza isiyooshwa inatoa bia mbaya kuliko pampu kuukuu iliyooshwa. Ndani ya mrija hubaki chachu, sukari na utelezi. Vijidudu hukua humo. Bia huanza kunuka siki au siagi iliyochacha, na mteja hulalamikia kiwanda wakati kosa liko chini ya kaunta yako.

Utaratibu unaokubalika kwenye biashara hii ni kuosha mirija kwa dawa yake angalau mara moja kila wiki mbili. Dawa hiyo ni kali na huunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu, weka kibao wazi kwamba mfereji umefungwa, kisha suuza kwa maji safi mengi hadi dawa yote iishe. Mfereji wenyewe ufunguliwe na kusuguliwa. Na kila usiku baada ya kufunga, futa mdomo wa mfereji na uufunike, maana nzi hupenda sana mabaki ya bia.

Hapa kuna jambo la kuangalia kabla ya kununua. Mwambie muuzaji afungue nguzo na kuifunga tena mbele yako. Kama inahitaji fundi wa kutoka mjini, haifai baa yako. Uliza pia kama raba zake zinapatikana karibu. Raba ndogo ikichakaa, bia hutiririka usiku kucha, na kwa kukosa kitu kidogo kama hicho unaweza kufunga mauzo siku tatu.

Maji pia ni sehemu ya hesabu. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, mifereji minne ya kuosha ni mzigo ambao picha ya kwenye simu haikuonyeshi.

Nani mwenye nguzo?

Wapo wasambazaji wanaompa mwenye baa vifaa vya kumiminia kwa mkopo au kwa masharti ya kuuza bia yao pekee. Si jambo baya. Kwa anayeanza linaweza kuwa nafuu kubwa. Lakini uliza na uandikishiwe: kifaa ni mali ya nani, kikiharibika anatengeneza nani, na siku ukiacha kuuza bia hiyo kitakwenda wapi. Hata pipa tupu kwa kawaida si lako, ni mali ya kiwanda, na ukilipoteza utalilipa.

Ukiamua kununua mwenyewe, turudi kwenye fundisho la 2013. Waliokuwa na kifaa chepesi, kinachohamishika na kilicholipiwa, waliweza kukifungua, kukihifadhi na kungoja, au kukikodisha kwa sherehe. Aliyejenga kaunta nzima kuzunguka mfumo wa mkopo hakuwa na njia ya kurudi nyuma. Kwa hiyo, kati ya nguzo mbili zinazolingana kwa kazi, chagua ile inayofungwa kwa bolti kuliko ile inayozikwa kwenye saruji.

Na kabla ya yote, leseni. Tangu ugatuzi, leseni za vileo hutolewa na serikali za kaunti, na kila kaunti ina sheria yake kuhusu ada, umbali kutoka shuleni na ukaguzi wa jengo. Kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Kaunta unayoijenga leo itakaguliwa kesho, na mkaguzi ataangalia choo na maji kabla ya kuangalia nguzo.

Maswali saba kabla ya kutoa pesa

Msikilizaji, kama umeazimia kuingia kwenye biashara hii, hifadhi maswali haya kwenye simu yako.

Moja, mteja wangu wa kawaida anaweza kulipa kiasi gani kwa magi moja? Mbili, pipa langu litaisha kwa siku ngapi? Tatu, nina bia aina ngapi za pipa, si ninazotamani, bali nitakazouza mwezi huu? Nne, pipa litakaa umbali gani kutoka kwenye mfereji, na litapozwa na nini umeme ukikatika? Tano, kichwa cha kufungia kinaingia kwenye mapipa ya msambazaji wa hapa? Sita, nani ataosha mirija, kwa maji gani, na siku gani? Saba, ushuru ukipanda na mauzo yakashuka kwa nusu, nitaendelea kulipa kifaa hiki?

Swali la saba ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo tunaloliona kuwa kubwa. Bei nafuu ya bia ya mtama ni makubaliano ya kisiasa. Yamewanufaisha wakulima wa maeneo makavu, yamewapa kazi watu wa masoko madogo, na yana wapinzani wenye hoja. Makubaliano kama hayo hupitiwa upya kila mwaka. Mkulima anajua hilo, ndiyo maana mwenye busara hapandi mtama wa mkataba kwenye shamba lote. Huacha kipande cha mahindi na ndengu.

Mwenye baa naye aache kipande chake. Pesa ambayo angeiweka kwenye mfereji wa tatu na taa za nguzo, aiweke kwenye sanduku zuri la barafu, raba za akiba na mapipa mawili ya kuanzia. Kisha Juni ikifika, awashe redio kama kawaida.